Kwa nini vipuri vya tarakilishi vilivyokoma kuundwa haviteremki bei

NILIPOFIKA barabara ya Luthuli jijini Nairobi mwaka wa 2006 kutafuta memori ya tarakilishi moja ya ofisini, sikutarajia kukaa zaidi ya nusu saa. Mashine yenyewe ilikuwa na umri wa miaka minne tu. Mwenye duka aliigeuzageuza kadi niliyompelekea kama kielelezo, kisha akanitajia bei iliyozidi maradufu ya memori mpya, yenye uwezo mkubwa zaidi, iliyokuwa ndani ya kabati lake la vioo.

Nilipolalamika, alicheka. "Mkubwa," aliniambia, "ukiipata kwingine kwa bei ya chini, ninunulie na mimi."

Kadi hiyo ilikuwa ya aina ya RDRAM, teknolojia iliyobuniwa na kampuni ya Rambus ya Marekani. Intel ilipozindua prosesa ya Pentium 4 mnamo Novemba 2000, mashine za kwanza zilitumia memori ya aina hiyo pekee. Wanunuzi waliteta kuhusu gharama, washindani wakashikilia memori ya DDR ambayo ilikuwa nafuu kuunda, na kufikia mwaka wa 2003 Intel yenyewe ilikuwa imeipa RDRAM kisogo. Wenye viwanda nao wakahama.

Waliokwisha kununua mashine hizo waliachwa kwenye mataa. Kadi ya DDR haiwezi kuingia katika tundu la RDRAM. Tena kadi za RDRAM zilipaswa kutiwa mbili mbili, na matundu yaliyobaki matupu yalizibwa kwa vibao maalumu visivyo na memori yoyote, la sivyo mashine haikuwaka. Aliyetaka kuongeza uwezo kidogo tu alilazimika kununua jozi.

Kisa hicho kidogo kinabeba kiini cha suala ambalo huwashangaza wengi: inakuwaje kifaa kilichopitwa na wakati kiuzwe ghali kuliko kilichokirithi? Jibu ni kwamba bei ya kipuri kilichokoma kuundwa haifuati gharama ya kukiunda, wala umri wake, wala kasi yake. Hufuata hasara ambayo mnunuzi angepata kama angekikosa.

Ifahamike kwanza kwamba vifaa vingi vikuukuu vya tarakilishi havina thamani yoyote. Baobonye, vipanya, skrini nzito za zamani na diski kuu za gigabaiti 40 hutupwa au huuzwa kwa kilo. Kinachobaki ghali ni kile ambacho kuna mtu, mahali fulani, ambaye mashine yake haiwezi kufanya kazi bila hicho na hakuna kingine kinachoingia mahali pake. Ikiwa hakuna mtu wa aina hiyo, kifaa ni takataka, hata kama ni adimu kama maziwa ya kuku.

Ugavi wa kifaa cha aina hiyo hukatika ghafla, ilhali mahitaji hupungua polepole sana. Katika pengo hilo ndimo bei hupanda.

Tuchukue chipu. Hizi huchapwa kwa mamia juu ya visahani vyembamba vya silikoni, kwa kutumia mabamba ya kioo yaliyochorwa ramani ya saketi. Mitambo mingi ya miaka ya tisini ilitumia visahani vya kipenyo cha milimita 150 au 200. Viwanda vya chipu za kisasa hutumia vya milimita 300. Kiwanda kinapobadilisha mitambo, ile ya zamani huuzwa au hung'olewa, mafundi walioielewa hustaafu, na ramani za chipu haziwezi kuhamishwa tu kama mtu anavyohamisha picha kutoka simu moja hadi nyingine. Sharti zichorwe upya, zijaribiwe upya, na hilo ni jambo la mamilioni ya dola.

Isitoshe, hakuna kiwanda kinachowasha mitambo ili kuunda chipu hamsini. Huunda maelfu kwa mkupuo mmoja au hakiundi kabisa. Wateja waliobaki wakiwa mia mbili, kila mmoja akitaka kumi, hakuna mwenye kiwanda atakayewasikiliza.

Kwa desturi, kampuni inayotaka kuacha kuunda chipu hutoa ilani na kuweka siku ya mwisho ya kupokea oda. Mfano wa karibuni ni prosesa ya Z80 ya kampuni ya Zilog, ambayo ilianza kuuzwa mwaka wa 1976 na ikaingia katika tarakilishi za nyumbani, mashine za michezo na vidhibiti chungu nzima vya viwandani. Mnamo Aprili 2024, Zilog iliwaarifu wateja kwamba kiwanda kilichokuwa kikiwatengenezea visahani kingeacha kazi hiyo, na kwamba oda za mwisho za chipu hiyo asilia zingepokelewa hadi Juni 14 mwaka huo. Miaka 48 ya uzalishaji ilihitimishwa kwa ilani ya takriban miezi miwili.

Katika kipindi kama hicho wanunuzi hukimbilia kujaza maghala. Anayejua kwamba mashine zake zitadumu miaka kumi zaidi hununua vipuri vya miaka kumi. Madalali nao hununua, si kwa sababu wana mashine, bali kwa sababu wanamjua atakayekuja kubisha hodi baadaye. Siku ya mwisho ikipita, idadi ya vipuri duniani haiwezi kuongezeka tena. Huweza kupungua tu, kadiri vinavyoungua, vinavyopotea na vinavyotupwa na watu wasiojua walicho nacho.

Wakati mwingine bei haisubiri hata uzalishaji ukome. Memori ya DDR4, iliyoanza kutumika kwa wingi mwaka wa 2014, ilirithiwa na DDR5 kuanzia 2021. Katika nusu ya kwanza ya mwaka wa 2025, taarifa zilienea kwamba Samsung, SK Hynix na Micron, kampuni tatu zinazotawala biashara hiyo, zilikuwa zimewaambia wateja kuwa zingepunguza DDR4 na hatimaye kuiacha. Kufikia Juni, chipu za DDR4 zilikuwa zikiuzwa katika soko la papo kwa papo kwa bei iliyopita ya DDR5 za ujazo uo huo. Kitu cha zamani, kilicho na kasi ndogo, kilikuwa kimempita mrithi wake. Baadhi ya kampuni ziliahirisha tarehe za kusitisha baada ya kuona faida iliyokuwa ikipatikana. Baadaye mwaka huo memori za kila aina zilipanda bei kwa sababu ya vituo vya data vya akili unde, lakini hicho ni kisa kingine.

Je, hakuna anayeweza kuliziba pengo? Wapo. Kampuni ya Rochester Electronics ya jimbo la Massachusetts, iliyoanzishwa mwaka wa 1981, hununua kutoka kwa waundaji wenyewe akiba ya chipu zilizokoma, na wakati mwingine haki ya kuziunda upya. Hata hivyo, biashara ya aina hii haiwezi kuuza kwa bei ya zamani. Chipu inaweza kukaa ghalani miaka 15 ikilindwa dhidi ya unyevu na umeme tuli kabla ya kupata mnunuzi, na nyingine hazimpati kamwe. Ile moja inayouzwa lazima ilipie kodi ya rafu ya wenzake wote. Mwenye duka wa Luthuli yumo katika hesabu iyo hiyo, ijapokuwa rafu yake ina upana wa mita mbili.

Upande wa pili ni wa wanunuzi, na hapa ndipo mambo hustaajabisha zaidi. Wengi hudhani kwamba wanaotafuta vifaa vya kale ni maskini wasioweza kununua vipya. Kinyume chake, wateja wanaoshikilia bei juu ni taasisi tajiri zenye mitambo mikubwa.

Mnamo Mei 2002, gazeti la New York Times liliripoti kwamba shirika la anga za juu la Marekani, NASA, lilikuwa likisaka katika mnada wa eBay na kwingineko chipu za Intel 8086, zilizozinduliwa mwaka wa 1978. Zilihitajika kwa vifaa vya kukagua roketi zilizosukuma vyombo vyake angani. Shirika hilo lilifikia hatua ya kununua shehena ya vifaa vikuukuu vya matibabu ili kuchomoa chipu hizo ndani yake. NASA haikukosa pesa za kununua tarakilishi mpya. Tatizo lilikuwa kwamba chombo kile kilikuwa kimeidhinishwa pamoja na vifaa vyake vya ukaguzi, na kubadilisha kimoja kungelazimu majaribio mapya ya mfumo mzima.

Suala hili la idhini halitajwi sana na wanaoandika kuhusu bei, nami naliona kuwa zito kuliko yote. Ndege, mitambo ya hospitali na vidhibiti vya treni hukaguliwa na kupitishwa jinsi vilivyo. Anayebadilisha sehemu moja huenda akarudishwa mwanzo wa safari ya ukaguzi. Mwaka wa 2020, wataalamu wa usalama walipoizuru ndege aina ya Boeing 747-400 iliyostaafishwa na shirika la British Airways, walionyesha kwamba data zake za urambazaji zilikuwa zikipakiwa kwa diski za flopi kila baada ya siku 28. Kampuni ya Sony, iliyokuwa muuzaji mkubwa wa flopi, ilikuwa imeacha kuziuza tangu Machi 2011.

Jeshi la Marekani nalo liliendelea hadi mwaka wa 2019 kutumia flopi kubwa za inchi nane katika mfumo wa kuwasilisha amri za silaha za nyuklia. Ripoti ya wakaguzi wa serikali ya nchi hiyo ya mwaka wa 2016 ilieleza kwamba mfumo huo ulitumia tarakilishi aina ya IBM Series/1, ambayo asili yake ni miaka ya sabini.

Lakini mfano unaoonyesha hesabu yote waziwazi ni wa jiji la San Francisco. Treni zake za mjini zimekuwa zikiongozwa na mfumo uliowekwa mwaka wa 1998, ambao hupakiwa kila asubuhi kutoka flopi za inchi tano na robo. Oktoba 2024, wakuu wa uchukuzi wa jiji hilo waliidhinisha mkataba wa dola milioni 212 na kampuni ya Hitachi Rail ili kuuondoa. Sasa jiulize: msimamizi wa treni hizo angeambiwa kwamba flopi moja ni dola 50, au hata 500, angesitasita? Mbele ya dola milioni 212, hiyo ni pesa ya chai. Muuzaji anafahamu hilo, na ndiyo maana bei haina uhusiano wowote na senti chache zilizotumika kuiunda flopi hiyo miaka ya tisini.

Kwa maneno mengine, dari ya bei ya kipuri ni gharama ya kuhama. Kuhama kukiwa rahisi, dari hushuka na kipuri hushuka nayo. Flopi ya inchi tatu na nusu haijafikia bei ya kutisha, licha ya kwamba haiundwi tena, kwa sababu kuna kifaa kidogo cha bei nafuu kinachochukua nafasi ya kisomaji cha flopi na kupokea data kutoka kwa flashi diski, huku mashine kuukuu ikidhani bado inasoma flopi. Vivyo hivyo, kuna programu zinazoiga tarakilishi za VAX na Alpha za kampuni ya zamani ya Digital, na mwenye kiwanda anaweza kuendesha kazi yake ya miaka ya themanini ndani ya seva ya kisasa. Leseni za programu hizo si rahisi, nazo huwapimia wauza vipuri kikomo cha kulipisha.

Katika karakana na viwanda vingi, hata hivyo, njia hiyo ya mkato haipo. Mashine ya kukatia chuma inaweza kudumu miaka 30, na tarakilishi inayoiongoza iliundwa kudumu mitano. Kadi inayounganisha hizo mbili huingia katika tundu la ISA, ambalo lilitoweka katika tarakilishi za kawaida mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Zipo kampuni ambazo zimeendelea kuunda mbao kuu za saketi zenye tundu hilo kwa ajili ya viwanda, na bei yake humshtua aliyezoea bei za madukani. Sisi wa magazeti tunaifahamu hali hiyo. Kulikuwa na wakati ambapo mitambo ya kutolea filamu za kurasa ilitegemea tarakilishi kuukuu ambayo hakuna aliyethubutu kuizima wikendi, kwa hofu kwamba haingewaka Jumatatu.

Kwa mtumiaji wa kawaida, mtego huwa katika prosesa. Kila ubao mkuu wa saketi hupokea prosesa za kizazi fulani tu. Miaka ikipita, wenye ubao huo hutafuta ile yenye nguvu kuliko zote zinazoweza kuingia, ili waepuke kununua ubao mpya, prosesa mpya na memori mpya kwa pamoja. Ndiyo maana Intel Core i7-4790K ya mwaka wa 2014 imeshikilia bei iliyo juu sana ya ndugu zake wanyonge wa mwaka huo huo, ambao hutolewa karibu bure. Anayeinunua halipii kasi pekee. Analipia kutohama.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mashine nzima ya mtumba mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini kuliko kipuri kimoja kilicho ndani yake. Makampuni ya Ulaya na Marekani hutupa tarakilishi kwa maelfu kwa wakati mmoja, na mnunuzi wa shehena hana muda wa kufungua kila moja. Microsoft ilipokomesha usaidizi wa kawaida wa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, mashine nyingi zenye prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane zilikosa mahali pa kwenda, kwa kuwa Windows 11 haizikubali rasmi. Jungu kuu halikosi ukoko. Katika kisa changu cha 2006, fundi mmoja alinishauri niache kuhangaika na kadi, nikanunua mashine iliyoungua sehemu ya umeme, ya modeli ile ile, kwa bei pungufu ya jozi ya memori niliyokuwa nikiisaka. Memori ilikuwa ndani, nzima.

Wapo pia wanaonunua kwa mapenzi. Tarakilishi ya Apple-1, iliyouzwa dola 666.66 mwaka wa 1976 na ambayo ziliundwa takriban 200 pekee, ilinunuliwa kwa dola 905,000 katika mnada wa Oktoba 2014 na taasisi ya makumbusho ya Henry Ford. Prosesa ya Pentium Pro huwindwa na wayeyushaji kwa sababu ya dhahabu iliyomo. Haya ni masoko ya kando. Hayaelezi kwa nini shule au zahanati ilipishwe ghali kwa memori.

Kinachoielemea zahanati zaidi ni ulaghai. Palipo na uhaba hapakosi waghushi. Uchunguzi wa kamati ya bunge la Seneti la Marekani kuhusu majeshi, uliochapishwa Mei 2012, ulibaini visa takriban 1,800 vya vipuri vya elektroniki vilivyoshukiwa kuwa bandia katika zana za kijeshi, vikihusisha vipuri zaidi ya milioni moja. Chipu kuukuu huchomolewa kutoka kwa taka, husuguliwa maandishi yake na kuandikwa upya kama mpya. Muuzaji mwaminifu hulazimika kupima kila kipuri, na gharama ya kupima humwangukia mnunuzi.

Msomaji anayetafuta kipuri mtandaoni ajihadhari pia na bei zenyewe anazoziona. Bei iliyoandikwa si lazima iwe bei iliyolipwa. Kuna vipuri vilivyotangazwa kwa maelfu ya shilingi ambavyo vimekaa miaka bila kuguswa, ama kwa sababu mwenye navyo anamsubiri mteja mmoja aliyekwama, ama kwa sababu aliviingiza katika daftari zamani kwa bei ya juu na hataki kukiri hasara. Wauzaji wengine huiga bei hiyo, na uvumi hugeuka kuwa soko. Eneo la mnada lenye orodha ya vitu vilivyokwisha kuuzwa husema ukweli zaidi kuliko lenye orodha ya vinavyouzwa.

Kwa anayesimamia mashine za shule, hospitali au karakana, kazi ya maana hufanyika kabla kipuri hakijakoma. Aandike kila mashine inategemea kadi gani, memori ya aina gani na diski ya aina gani, kisha anunue ziada wakati mrithi wa kifaa hicho ametoka lakini chenyewe bado kimejaa madukani. Huo ndio msimu wa bei ya chini kabisa, na hudumu mwaka mmoja au miwili. Diski kuu asizihifadhi kwa wingi, maana huharibika hata zikiwa zimelala. Memori na prosesa hustahimili miaka mingi zikikaa pakavu ndani ya mifuko ya kuzuia umeme tuli. Na akinunua memori ya mtumba, asitoke dukani kabla fundi hajaitia katika mashine na kuipima mbele yake, kadi moja baada ya nyingine.